Uzi: Neno "Bwana" limebeba nini, na tukilikiri tunakiri nini?

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mwezi uliopita nilikuwa msibani, na siku ya tatu ya matanga mwinjilisti aliyeongoza ibada alituomba tusome Zaburi ya 23 kwa pamoja. Waliokuwa na Biblia ya Union, ile iliyotoka mwaka 1952 na ambayo wazee wengi wameizoea, walianza kwa "Bwana ndiye mchungaji wangu". Vijana waliokuwa na Habari Njema walianza kwa "Mwenyezi-Mungu ni mchungaji wangu". Sauti ziligongana tangu neno la kwanza, na kwa muda kidogo hakuna aliyejua amfuate nani. Mama mfiwa hakuwa na kitabu mkononi, kwa kuwa zaburi hiyo aliihifadhi tangu alipokuwa mtoto wa kipaimara. Yeye hakusita, aliendelea peke yake huku amefumba macho, nasi wengine tukaviweka vitabu magotini tukamfuata.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini neno moja la Kiebrania limetupatia maneno mawili ya Kiswahili yasiyofanana hata kidogo, na ni nini tunachokipata au kukipoteza kwa kila moja. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mnipinge vizuri. Naamini kwamba neno "Bwana", pamoja na mizigo yote liliyoibeba katika historia yetu, linafanya kazi ambayo hakuna neno lingine la Kiswahili liwezalo kuifanya katika imani ya Kikristo. Na mizigo hiyo yenyewe, tukiitua na kuitazama badala ya kuificha, inatusaidia kuielewa Injili.

Nianze na lugha. Mke humwita mumewe bwana wangu. Arusini kuna bwana harusi. Vijijini tuna bwana shamba na bwana afya, ambao si matajiri wala watawala, bali ni watu waliokabidhiwa dhamana ya jambo fulani. Barua rasmi humtaja mtu kwa Bw. Waislamu wa pwani humtaja Mtume wao kwa heshima kuwa Bwana Mtume, bila kumaanisha hata kidogo kwamba ana uungu. Mtumwa wa zamani alikuwa na bwana wake. Na katika mazungumzo ya kila siku neno hilo limepungua uzito hadi kuwa kiungo cha kauli tu: "Acha bwana", "Njoo bwana", na mwanamke humwambia hivyo mwanamke mwenzake pasipo mtu kushangaa.

Kinachoziunganisha maana hizi zote, isipokuwa hiyo ya mwisho, ni kwamba bwana hasimami peke yake. Mtu huwa bwana wa fulani au bwana wa kitu fulani. Neno hilo linafanana kwa njia hii na jamaa yake wa pwani, "mwinyi", linalotokana na "mwenye". Watawala wa asili wa Unguja waliitwa Mwinyi Mkuu, yaani mwenye nchi aliye mkuu. Na hata "Mwenyezi" tunalolitumia kwa Mungu ni "mwenye enzi" lililofupishwa. Kwa Mswahili, basi, ubwana ni umiliki na dhamana kabla haujawa cheo.

Lugha nyingine zimeushika ubwana kwa mpini tofauti. Kilatini kina "dominus", ambalo ni jamaa ya "domus", yaani nyumba. Bwana wa Warumi ni mwenye nyumba. Kigiriki kina "kyrios", linalotokana na neno la mamlaka halali, mamlaka ya mtu ambaye kauli yake ina nguvu ya kisheria. Kiingereza cha kale kina neno lililomaanisha mlinzi wa mkate, yule anayewalisha walio chini ya dari yake. Kilingala kinamwita Bwana "Nkolo", mwenye mali. Kiganda kinamwita "Mukama", jina ambalo pia ni cheo cha mfalme wa Bunyoro. Kikuyu kina "Mwathani", yaani mtawala. Ukiyaweka maneno hayo pamoja unaona nyumba, sheria, chakula, mali na kiti cha enzi, na kila kabila la Wakristo lilipomwita Yesu kwa neno lake liliingia katika imani kwa mlango wake.

Sasa nigeukie Biblia. Jina la Mungu wa Israeli, lenye konsonanti nne YHWH, limeandikwa katika Agano la Kale zaidi ya mara 6,800. Wayahudi waliacha kulitamka kwa kicho, na walipolifikia katika kusoma walisema "Adonai", yaani Bwana wangu. Wanazuoni walioweka alama za irabu katika maandiko hayo, kati ya karne ya 6 na ya 10, walizitia konsonanti hizo irabu za neno la kusomwa, na mchanganyiko huo ndio uliowapa wasomaji wa baadaye umbo "Yehova". Muda mrefu kabla ya hapo, kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo, Wayahudi wa Aleksandria walikuwa wameanza kutafsiri Maandiko kwa Kigiriki. Nakala chache za kale sana za tafsiri hiyo ziliendelea kuliandika Jina kwa herufi za Kiebrania, lakini nakala zilizopokelewa na kanisa zina "Kyrios". Biblia ya Union ilifuata njia hiyo ndefu, ikaandika BWANA kwa herufi kubwa, na mahali pachache tu, kama Kutoka 6:3, ikaandika YEHOVA.

Hapa ndipo penye utajiri, na naomba tupatazame kwa karibu. Zaburi 110:1 katika Union inasema, "Neno la Bwana kwa Bwana wangu, Uketi mkono wangu wa kuume." Katika Kiebrania kuna maneno mawili tofauti: la kwanza ni Jina lenyewe, la pili ni "adoni", ambalo mtu yeyote angeweza kumwambia mkubwa wake. Katika Kigiriki yote mawili ni "kyrios", na katika Kiswahili yote mawili ni Bwana. Masikio hayaoni herufi kubwa. Aliyeketi kwenye benchi la nyuma anasikia Bwana akisema na Bwana, na anabaki na fumbo lilelile ambalo Yesu aliwatupia Mafarisayo katika Mathayo 22: ikiwa Daudi anamwita Bwana, amekuwaje mwanawe?

Mtume Paulo alijenga juu ya msingi huo. Katika Isaya 45:23 ni Mungu mwenyewe asemaye kwamba mbele zake kila goti litapigwa na kila ulimi utaapa. Paulo anayachukua maneno hayo, na katika Wafilipi 2 anasema kwamba kila goti litapigwa kwa jina la Yesu, na kila ulimi ukiri ya kuwa Yesu Kristo ni Bwana. Katika 1 Wakorintho 8:6 anafanya jambo la kushangaza zaidi: anaikunjua ile shahada ya Israeli ya Kumbukumbu la Torati 6:4, "Bwana, Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja", kisha "Mungu" anamtaja kuwa Baba, na "Bwana mmoja" anamtaja kuwa Yesu Kristo. Ungamo la umoja wa Mungu linabaki moja, na Yesu yumo ndani yake.

Sasa soma Yoeli 2:32 na Warumi 10:13 katika Union: kila atakayeliita jina la Bwana, kisha kila atakayeliitia jina la Bwana. Msomaji wa kawaida anaiona kamba inayoviunganisha. Katika Habari Njema, nabii anamtaja Mwenyezi-Mungu na mtume anamtaja Bwana, na kamba hiyo inakatika mkononi mwa msomaji asiye na mwalimu. Nakiri kwamba Habari Njema ina faida yake: anayesikia "Mwenyezi-Mungu" hawezi kumchanganya na bwana shamba. Hata hivyo, kwa maoni yangu, bei iliyolipwa kwa faida hiyo ni kubwa mno.

Karibuni.

*

Mchangiaji wa kwanza:

Nashukuru kwa uzi uliotulia. Mimi ni mama niliyeolewa kwa miaka mingi, na kuna jambo umelipita upesi. Siku ya kuagwa kwangu nilisomewa 1 Petro 3:6, kwamba Sara alimtii Ibrahimu "akamwita Bwana", na mzee aliyenisomea alinieleza kwamba neno ni lilelile tunaloliimba kanisani, hivyo nami niitazame nyumba yangu kwa jicho hilo. Mume wangu ni mtu mwema na sina malalamiko juu yake. Lakini nimeona nyumba nyingine ambamo mume akisikia "Bwana" ibadani anajisikia ametajwa yeye. Je, lugha yetu haijawafanya waume kuwa miungu wadogo, au haijamfanya Mungu kuwa mume mkubwa?

*

Mleta uzi:

Mama, swali lako ni zito, na Biblia yenyewe ililiuliza kabla yetu. Katika Hosea 2:16 Mungu anawaambia Israeli kwamba siku inakuja ambapo "utaniita Ishi, wala hutaniita tena Baali". Union imeyaacha maneno hayo mawili ya Kiebrania bila kuyatafsiri, na wengi huyapita kama majina ya watu. Yote mawili yaliweza kutumiwa na mke kwa mumewe. "Baali" ni bwana wangu kwa maana ya mwenye kunimiliki, na ndilo neno lililokuwa jina la mungu wa Wakanaani. "Ishi" ni mume wangu, mtu wangu, kwa maana ya mwenzi. Kiebrania kilikuwa na shida ileile tuliyo nayo sisi, ya neno moja kubeba mume, mmiliki na mungu, na nabii alisema kwamba Mungu hapendi kuitwa kwa neno ambalo lina harufu ya mmiliki peke yake. Angalia kwamba Hosea hakufuta ubwana wa Mungu. Katika mstari huohuo Union inaandika "asema Bwana". Alichokifanya ni kuutenganisha ubwana huo na ubwana wa Baali.

Kuhusu Petro, ni kweli kwamba Sara alimwita Ibrahimu bwana, na katika Mwanzo 18:12 tunamsikia akisema hivyo moyoni mwake, akicheka. Hiyo ilikuwa heshima ya lugha ya nyakati zao, kama ilivyo ya kwetu. Lakini Paulo anapowaagiza waume katika Waefeso 5:25 anawaita waume, hawaiti mabwana, na kipimo anachowapa ni cha Kristo aliyelipenda Kanisa "akajitoa kwa ajili yake". Mume anayesikia "Bwana" kanisani na kudhani ametajwa yeye hajausoma mstari huo hadi mwisho. Mzee aliyekusomea alisema kweli kwamba neno ni moja. Alichokosea, kwa maoni yangu, ni kuufuata mkondo kwa kinyume, kana kwamba Kristo angejifunza ubwana kutoka kwa waume.

*

Mchangiaji wa pili:

Mimi ninaandika kutoka Unguja. Mleta uzi ametaja kwa mstari mmoja tu kwamba "mtumwa wa zamani alikuwa na bwana wake", kisha akaendelea na Kilatini. Huku kwetu mstari huo ndio habari yenyewe. Bwana alikuwa mtu aliyekununua sokoni. Baadaye wakaja wakoloni, na mzungu wa ofisini akawa bwana mkubwa. Tulipopata uhuru, Tanzania ilichagua kuitana Ndugu, na nakumbuka wazee wangu wakisema kwamba walijisikia wametuliwa mzigo. Kwa nini basi kanisa liliendelea kung'ang'ania neno la sokoni?

*

Mleta uzi:

Ndugu yangu, umenikosoa kwa haki, na nitakujibu kwa urefu.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka uleule Waanglikana wa misheni ya vyuo vikuu walianza kujenga kanisa lao mahali pale Mkunazini. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Edward Steere, yuleyule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Nimesimama mbele ya madhabahu ile. Sakafuni kuna duara la marumaru, na mapokeo ya mji yanasema kwamba hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Wengi wa Wakristo wa kwanza waliomsikia Steere na wenzake, hapo mjini na katika kijiji cha Mbweni, na vivyo hivyo Freretown ya Mombasa iliyoanzishwa mwaka 1875, walikuwa watu waliotolewa katika majahazi na minyororo. Walipoambiwa kwamba Yesu ni Bwana hawakuhitaji kamusi. Walijua bwana ni nani, na wengine walikuwa na makovu yake mgongoni.

Kwa hiyo swali lako walikuwa nalo wao kabla yako: je, tumetoka kwa bwana mmoja ili tuingie kwa mwingine? Jibu la Agano Jipya halizungukii soko. Linaingia ndani yake. "Mlinunuliwa kwa thamani, msiwe watumwa wa wanadamu", ndivyo asemavyo Paulo katika 1 Wakorintho 7:23, na sentensi hiyo ina nguvu kwa sababu tu inatumia lugha ya sokoni. Ukisema kwamba Kristo ni bwana kwa maana ya heshima tu, kama Bw. wa kwenye barua, huwezi kumwambia mtumwa kwamba bwana wake wa zamani amepoteza hati. Ukisema kwamba Kristo amemnunua, umesema kwamba hauzwi tena.

Walutheri tuliopita darasa la kipaimara tuliyahifadhi maneno ya Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, pale Luther anapoeleza kwamba Yesu Kristo ni Bwana wangu kwa kuwa amenikomboa, si kwa dhahabu wala fedha, bali kwa damu yake. Mwalimu wetu alikuwa fundi cherehani. Siku ile alituletea kifaa ambacho sote tulikijua, cherehani yake mwenyewe, ambayo aliiweka rehani wakati wa ukame na kuikomboa baada ya mavuno mawili. Aliiweka mezani akaizungusha gurudumu, akasema, "Hii ni yangu mara mbili. Niliinunua, kisha nikaikomboa." Kukomboa kwa Kiswahili ndiko huko: kulipa ili kilicho chako kirudi mikononi mwako. Sijapata kuisikia theolojia ya ukombozi ikielezwa kwa ufupi kuliko hivyo. Tofauti na bwana wa sokoni ni kwamba yule huishi kwa jasho na damu ya mtumwa wake, na huyu amelipa kwa damu yake mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo Kiswahili kinalisema na Kigiriki hakikuweza kulisema. Warumi 1:1 katika Union inaanza, "Paulo, mtumwa wa Kristo Yesu, aliyeitwa kuwa mtume." Mtumwa na mtume ni watoto wa kitenzi kimoja, kutuma. Katika Kigiriki maneno hayo mawili hayana undugu wowote. Habari Njema imeandika "mtumishi", nami naelewa huruma iliyowasukuma wafasiri, lakini neno hilo limelitenga lile la kwanza na mwenzake. Msikilizaji wa Union anasikia katika pumzi moja kwamba yule ambaye bwana wake humtuma afanye kazi ya mtu mwingine amegeuka kuwa yule ambaye Bwana wake amemtuma abebe neno lake.

Sitaki kuficha upande wa giza. Waefeso 6:5, inayowataka watumwa wawatii mabwana zao, ilisomwa kwa karne nyingi na watu waliotaka watumwa wakae kimya, na wasomaji hao mara nyingi waliishia kabla ya mstari wa 9, unaowaambia mabwana waache kuwaogofya watumwa, "mkijua ya kuwa yeye aliye Bwana wao na wenu yuko mbinguni". Ukristo ulichelewa mno kuutoa huo mstari wa 9 matunda yake. Hilo ni deni.

Kuhusu Ndugu: nakubaliana na wazee wako. Lakini Biblia haikutuchagulia kati ya Bwana na Ndugu. Katika Filemoni 16 Paulo anamrudisha Onesimo nyumbani "si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa", kisha anaongeza "katika mwili na katika Bwana". Watu wawili wanaweza kuwa ndugu kwa kweli pale ambapo hakuna hata mmoja wao aliye bwana wa mwenzake, kwa kuwa kiti hicho kimekaliwa tayari. Na aliyekikalia alijifunga kitambaa akawaosha wanafunzi wake miguu. Yohana 13 katika Union inasema kwamba aliwatawadha miguu, neno ambalo jirani yangu Mwislamu hulitumia kila siku kabla ya swala. Ndiyo maana sura hiyo inasomeka kwa Kiswahili kwa utulivu wa ibada. Hapo Yesu anasema, "Ninyi mwaniita, Mwalimu, na, Bwana, nanyi mwanena vema, maana ndivyo nilivyo." Hakuukana ubwana akiwa ameshika beseni.

*

Mchangiaji wa tatu:

Naona mnazunguka. Mungu ana jina, na jina hilo ni Yehova, au Yahwe kwa wanaopenda usahihi wa wanazuoni. Kwa nini tusilirudishe katika Agano la Kale na Jipya, na suala la Bwana likaisha?

*

Mleta uzi:

Katika Agano la Kale hoja yako ina nguvu, nami sioni kosa kwa mtu kulitaja Jina katika kujifunza. Hata hivyo mapokeo ya kutolitamka katika ibada ni ya kale kuliko kanisa, na mwaka 2008 Vatikani iliwakumbusha Wakatoliki kwamba katika liturujia na nyimbo watumie neno lenye maana ya Bwana mahali pa "Yahwe".

Katika Agano Jipya siwezi kukufuata. Ndugu zetu Mashahidi wa Yehova wameliweka jina hilo mara 237 katika tafsiri yao ya Maandiko ya Kigiriki, lakini nakala za Kigiriki za Agano Jipya zilizotufikia hazina zile konsonanti nne. Zina "Kyrios" au kifupisho chake. Na jambo hilo si la karani. Hoja yote ya Paulo katika Wafilipi 2 inategemea kwamba neno lililosimama mahali pa Jina ndilo neno analopewa Yesu. Ukiyagawa matumizi ya "Kyrios", haya kwa Baba na yale kwa Mwana, utakuwa umelijibu swali ambalo waandishi waliliacha wazi kwa makusudi. Ungamo la Nikea, kama lilivyokamilishwa Konstantinopoli mwaka 381, lilielewa hivyo: linasadiki Bwana mmoja Yesu Kristo, na bado linamtaja Roho Mtakatifu kuwa Bwana mleta uzima.

*

Mchangiaji wa nne:

Nimesoma mahali kwamba cheo cha Bwana Wakristo walikichukua kwa wapagani wa Kigiriki, waliokuwa na mabwana wengi katika mahekalu yao, au kwa Kaisari. Je, ni kweli? Na la pili: mimi ni msomaji wa zamu kanisani kwetu. Ikiwa Bwana ni Mungu, na Bwana ni mtu yeyote wa kuheshimiwa, msikilizaji atajuaje ninaposoma ni yupi?

*

Mleta uzi:

La kwanza lilitetewa kwa nguvu na mwanazuoni wa Kijerumani Wilhelm Bousset mwaka 1913. Kinachoipinga hoja yake ni neno dogo ambalo Union imeliacha kama lilivyo katika 1 Wakorintho 16:22: "Maran atha." Hilo ni Kiaramu, lugha ya Wakristo wa kwanza wa Palestina, na ndani yake mna "mar", yaani bwana. Paulo anawaandikia Wagiriki wa Korintho na hawatafsirii, maana yake walikwisha kulijua kama sisi tunavyolijua "Amina". Watu waliosali kwa Kiaramu walikuwa wakimwita Yesu Bwana wetu kabla Injili haijafika katika mahekalu ya Kigiriki. Neno hilo likikatwa baada ya "Maran" linasema Bwana wetu amekuja. Likikatwa baada ya "Marana" ni ombi, Bwana wetu, njoo.

Kuhusu Kaisari, neno halikuchukuliwa kwake, lakini liligongana naye. Mwandishi wa Kirumi Suetonius anasimulia kwamba Augusto alikataa kuitwa dominus, na kwamba Domitiani, mwishoni mwa karne ya 1, aliwaandikia watu kwa jina la bwana na mungu wao. Katikati ya karne ya 2, Polikarpo, askofu mzee wa Smirna, alipokamatwa aliulizwa kwa upole garini kuna ubaya gani kusema "Kaisari ni Bwana" na kufukiza uvumba kidogo ili aokoke. Alikataa, akachomwa moto. Wakristo wa Kijerumani waliokutana Barmen mwaka 1934 walisema jambo hilohilo mbele ya utawala wa Hitler, kwamba hakuna eneo la maisha yetu ambamo sisi ni mali ya mabwana wengine na si mali ya Yesu Kristo.

Swali lako la pili nimelipenda zaidi, na nakuomba siku moja upangwe kusoma Yohana 20. Mariamu Magdalene yuko bustanini, analia, na anamwona mtu ambaye anamdhania kuwa mtunza bustani. Anamwambia, "Bwana, ikiwa umemchukua wewe, uniambie ulipomweka." Hiyo ni heshima tu, ile ambayo wewe na mimi tungempa mlinzi wa makaburi tusiyemjua. Usiisome kwa sauti ya ibada. Isome kama mama aliyechoka kulia anavyomwambia mtu asiyemfahamu. Mistari mitatu baadaye anakimbia kwa wanafunzi akisema, "Nimemwona Bwana." Neno ni lilelile, na mtu ni yuleyule. Kilichobadilika katikati ni kwamba ameitwa kwa jina lake. Baada ya siku nane Tomaso anasema, "Bwana wangu na Mungu wangu!" Katika Kigiriki ni "kyrios" mara zote tatu, na Union imesema Bwana mara zote tatu. Mfasiri ambaye angeweka "mzee" kwa mtunza bustani angekuwa amemsaidia msikilizaji mapema mno, maana Mariamu mwenyewe hakujua.

Kwa hiyo ukifika hapo usiwaeleze watu ni yupi. Soma lile la kwanza kwa sauti ya chini, nyamaza kidogo baada ya "Mariamu", kisha uendelee.